Jembe la Karani Mlangoni Kwetu

Sijui kama wewe umewahi kumchukia mtu mpaka ukawa unamkumbuka kuliko unavyomkumbuka baba yako mzazi. Mimi nimewahi. Mtu mwenyewe alikuwa karani mkuu wa mgodi wa madini ya risasi pale Mpanda, miaka ile ya hamsini reli ilipokuwa bado mpya. Nikikaa barazani leo na uzee wangu huu, sura ya marehemu baba inanijia kwa shida, lakini ya karani inakuja bila kuitwa: mwanya wake, njia ya nywele aliyoichonga kwa wembe upande wa kushoto, na kalamu mbili mfukoni. Wajukuu wananiambia, bibi, samehe, utaingia na kinyongo kaburini. Nitaingia nacho. Hakichukui nafasi kubwa.

Nianze na Kiingereza, maana bila Kiingereza kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Baba alikuwa mkulima wa karanga na mahindi Mwamkulu, lakini alikuwa mbishi. Alisikia kwamba masista kule ziwani wanafundisha wasichana kusoma, basi akanipandisha kwenye lori la samaki lililokuwa linarudi tupu, na watu wa kwetu wakamcheka kwamba anapeleka mahari yake ikaoze kwa wazungu. Huko ndiko nilikomkuta sista mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa anatufundisha Kiingereza kwa namna ambayo sijaiona tena popote.

Alikuwa anachora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika maneno mafupi mafupi: can, could, may, might, must, will, should. Upande wa kulia aliandika marefu kidogo: hardly, possibly, perhaps, surely, certainly, always, never, really. Kisha alisema, chukua moja huku na moja huku, nitungie sentensi ya nyumbani, si ya kitabuni. Tukatunga. "You must always cover the water," lazima kila mara mfunike maji. "I can hardly see the lake," ziwa silioni vizuri, hasa asubuhi za ukungu. "It may possibly rain." Sista alitueleza kwamba neno la kushoto ni mboga na la kulia ni chumvi, na mpishi ndiye anayejua atie kiasi gani.

Nilipenda mchezo ule kupita kiasi. Kwetu tunaongea Kikonongo, Kiswahili tulikipata njiani, na katika lugha zote mbili mtu akishasema lazima tunamwacha, amemaliza. Mwingereza yeye anasema must, halafu anaigongomea certainly juu yake kama msumari wa pili. Na lile la "may possibly" lilituvunja mbavu. May peke yake ni huenda, na possibly nayo ni huenda hiyo hiyo. Tulikuwa tunaulizana bwenini, huyu Mzungu anaogopa nini hata aweke huenda juu ya huenda? Sista naye alicheka. Akasema ni adabu tu. Mkubwa akitaka kukuamuru bila kukuumiza analegeza maneno, na mdogo akitaka kumwomba mkubwa anayalegeza zaidi. Lakini, akasema, mtu akianguka kisimani hakuna cha perhaps wala possibly.

Baba alifariki kabla sijamaliza, nikarudishwa nyumbani. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyebeba nyumba. Aliingia mgodini, chini kabisa, kusukuma toroli za mawe, na kila mwisho wa mwezi alikuja Mwamkulu kwa miguu na sukari ya mama na kipande cha sabuni changu. Sitaki kumsifu sana eti kwa kuwa amekufa. Alikuwa mkali, alikuwa anapenda kusikilizwa. Lakini alikuwa akitupenda, na alikuwa na miguu, Mungu wangu, kaka alikuwa akicheza ngoma mpaka wazee wanasimama kumtazama.

Siku toroli ilipomponda mguu, tuliitwa mama na mimi. Tulimkuta hospitali ya mgodi, mguu wa kulia chini ya goti umefungwa, damu imelowa mpaka godoro, yeye mwenyewe anaweweseka na kumwita baba. Dresa mmoja, mfunga vidonda, alituvuta kando akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mfupa umesagika, pale hawana wa kuuunga, na treni ya Tabora inaondoka mchana huo huo. Akienda leo, kule kwenye hospitali kubwa mguu unaweza kupona. Akisubiri treni nyingine, utaoza. Dresa akasema yeye hawezi kumsemesha daktari, ataambiwa ajue kazi yake, bora tumwone karani mkuu, maana daktari anamsikiliza na Kiingereza chake kinapita ndani.

Mama alimwendea karani akapiga magoti, mbele ya watu, kwenye mavumbi. Karani akamwinua kwa heshima zote, akasema, mama, hilo niachie mimi. Nilimshukuru moyoni. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimshukuru, na hilo nalo nimemwekea kinyongo.

Daktari, Mzungu mrefu mwenye haraka, alikuwa anapita kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa kaka, karani akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaanza. Nilisikia kila neno, nami ninalo mpaka leo. "Sir, he could perhaps be sent to Tabora. Possibly by the next train. If you might kindly think so." Yaani, bwana mkubwa, huyu labda angeweza kupelekwa Tabora, pengine kwa treni ijayo, kama itakupendeza. Kwa treni ijayo! Tumemwambia ya leo, yeye anamwambia ijayo. Maneno yote ya upande wa kulia wa ubao wa sista ameyamwaga kwenye sufuria, na mboga yenyewe hamna. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa, akaanza kuondoka.

Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nilijikuta tu nimesimama mbele yake, kanga mbili na miguu pekupeku, nikasema, "He must go now, sir. He must certainly go today." Lazima aende sasa, bwana, lazima kabisa aende leo. Nilisema vizuri. Sista mwenyewe angeniwekea alama zote.

Daktari alisimama. Alinitazama, na ninaapa kwa Mungu, alikuwa anafikiri. Kisha akamgeukia karani, akamuuliza huyu ni nani na anasema nini. Na karani akatabasamu, ule mwanya nje, akasema kwa sauti laini kama anamtetea mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni: "She can hardly speak English, sir. She may possibly mean thank you." Huyu Kiingereza hakijui, bwana. Huenda pengine anataka kusema asante.

"Oh," daktari akasema, akanipa tabasamu dogo, akaenda kitanda cha pili.

Treni iliondoka. Tuliisikia ikilia pale pale hospitalini. Kaka alipelekwa kwa treni iliyofuata, siku kadhaa baadaye, na harufu ilikuwa imeshaanza. Alirudi Mwamkulu na mkongojo, suruali imekunjwa juu ya goti na kufungwa kwa pini.

Sasa ungedhani mtu aliyefanya hayo atakaa kimya, ajifiche. Thubutu! Kaka aliporudi, karani alimtembelea kwa baiskeli, na mkate wa dukani kwapani. Alikaa kwenye kigoda chetu akamsimulia jinsi alivyomlilia daktari mpaka koo likamkauka, na jinsi daktari alivyokuwa amekubali kabisa, kalamu iko mkononi, ndipo dada mtu akajitokeza na Kiingereza chake cha vipande vipande, daktari akachukia, mambo yakaharibika. Alisema hamlaumu dada, ni uchungu tu. Akasema, tumsamehe tu dada. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia, mwiko mkononi.

Nilimweleza kaka ukweli usiku ule na siku zilizofuata. Nilimwambia neno kwa neno. Hakuniamini. Aliniambia nisimchafulie jina mtu mwema, kwamba Kiingereza cha shule ni kimoja na cha kazini ni kingine, na mimi miaka yangu michache kwa masista haiwezi kushindana na mtu anayekula mkate wake kwa lugha hiyo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alianza tu kunikwepa, akitaka maji anamwita mama, akitaka moto anamwita mama, na akinitazama macho yake yanatua kwenye mdomo wangu. Aliamini ni huu mdomo uliomkata mguu.

Na shukrani zake zote akazipeleka kwa karani. Kila mara kuku wetu walipototoa na vifaranga vikakua, kaka alichagua jogoo mwenye afya, akamfunga miguu, akasema mpelekee karani. Karanga zikivunwa, debe la kwanza mpelekee karani. Na mpelekaji ni nani? Mimi! Kutoka Mwamkulu mpaka kambi ya mgodi, jua la utosini, jogoo ananichokora kwapani, kumpelekea kitoweo mtu aliyemla kaka yangu mguu. Nilikuwa nafika kwenye mlango wake wa nyuma, napiga hodi, napiga goti kama nilivyofunzwa, nampa kwa mikono miwili. Yeye anapokea, ananiambia nimwambie kaka asijisumbue. Na anakula.

Nilikuwa najiuliza njiani, huyu hanikumbuki? Baadaye nikaelewa kwamba ananikumbuka vizuri, ila kwake lile lilikuwa jambo dogo. Aliniambia mara moja, akiwa amesimama mlangoni na meno yake yaliyopigwa mswaki, kwamba Kiingereza changu siku ile kilimshangaza. Alisema ni safi kuliko cha makarani wake wa chini. Hakuona haya. Nilikaza macho kwenye kalamu zake mbili nikaapa kwamba huyu atayasema yale maneno mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya kaka, na baada ya hapo sitaki kitu kingine duniani.

Nilikuwa sijui nitampataje. Yeye mwenyewe ndiye aliyejileta. Masika ya mwaka ule yalipoanza, mshenga aliingia uwanjani kwetu, mzee mmoja mpole kutoka Ilembo, akiwa na jembe jipya ndani ya gunia. Karani ananitaka. Alikuwa mjane, alikuwa amepewa ahadi ya nyumba ya bati ya makarani wenye familia, na alikuwa anataka mke anayeweza kumsalimu mke wa meneja kwa Kiingereza. Ndivyo mshenga alivyotueleza, kwa fahari. Yule yule aliyesema sikijui Kiingereza.

Kaka alilia kwa furaha. Mama akapiga kigelegele. Mimi nikaingia ndani nikakaa gizani, na hapo ndipo nilipoliona jambo lote, kama vile mtu amenifungulia dirisha.

Lazima nikueleze desturi ya kwetu, maana siku hizi haipo tena. Msichana hakuwa anaulizwa kwa mdomo. Shangazi yake ndiye aliyekuwa anapokea jembe kwa mshenga, jembe tupu lisilo na mpini, na kulilaza kizingitini, makali yakitazama ndani. Msichana akilichukua na kuliingiza, amekubali. Akiligeuza makali yatazame nje, amekataa, na mshenga atakuja kulichukua jioni, kimya kimya, amelifunika kwa gunia ili mwenyewe asiaibike. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuligusa. Na jembe likiwa limelala pale, mwanaume hawezi kupeleka jembe nyumba nyingine. Akifanya hivyo anaonekana mhuni, hata wazee wake watamkana. Kwa kawaida msichana alikuwa analiacha siku moja au mbili, kwa ajili ya haya, watu wasimwone ana njaa ya mume.

Mimi niliruka lile jembe asubuhi ya kwanza nikaenda kisimani. Nikaliruka jioni. Nikaliruka kesho yake na keshokutwa yake. Wiki ikaisha.

Shangazi, dada yake baba, alikuja na kukaa na mimi shambani. Aliuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Akauliza kama kuna mwanaume mwingine. Nikamwambia hakuna. Akasema, basi chukua au geuza, mwanangu, huku ni kumtesa mtu wa watu. Nikamwambia, shangazi, kuna mahali desturi inasema mwisho ni lini? Alifikiri sana shangazi, mwanamke mkweli. Akasema hakuna. Hakuna aliyewahi kuhitaji kusema.

Mshenga akarudi kuuliza. Nilimkalisha, nikampa uji wa karanga, nikamwambia jibu langu ni la Kiingereza kwa sababu mchumba ni mtu wa Kiingereza. Nikamfundisha pale uwanjani mpaka akalishika: "I may possibly." Maskini mzee, alitembea nalo mpaka kambini akilirudia njia nzima, kama mtu aliyebeba yai. Aliporudi alisema karani alicheka sana, akasema mchumba wake ana maringo ya kizungu, na akamtuma aniletee kitambaa. Mara ya pili nikampa "I could perhaps." Karani akacheka, lakini kidogo. Mara ya tatu nikampa "I might perhaps, possibly." Mzee alisema safari hiyo karani hakucheka. Alimwambia alirudie jibu lile mara mbili, kisha akalifunga dawati lake na kulifungua bila kutoa kitu. Basi nikajua amekumbuka.

Mvua zilinyesha juu ya jembe lile. Kuku walilinyea. Kutu ilianza pembeni ikala kuelekea kati, na wageni wetu wote, hata katekista alipokuja kuwaombea wagonjwa, waliinua miguu kuliruka. Habari zikaenda mgodini, maana nusu ya Mwamkulu ilikuwa na ndugu mgodini. Watu wakitoka zamu walikuwa wanamuuliza karani, vipi mzee, jembe limelima eka ngapi? Vijana wa toroli, waliokuwa wakivua kofia akipita, sasa walikuwa wanakohoa. Nyumba ya bati ikapewa karani mwingine, mwenye mke na watoto. Kila habari kama hiyo ikifika, nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko nacheka peke yangu mpaka machozi. Nasema kweli, sikuwahi kulala vizuri kama msimu ule.

Nyumbani haikuwa rahisi. Kaka aliacha kabisa kunisemesha. Mama alinisihi, akanitishia laana, akanisihi tena. Kaka alimwambia mama, nami nikisikia, kwamba dada yake alimharibia mguu na sasa anamharibia na rafiki. Nilitwanga mahindi yangu. Nilikuwa nataka kitu kimoja, na kilikuwa kinakuja chenyewe.

Kilikuja wakati wa kuvuna karanga, alasiri moja, kwa baiskeli. Mchumba hakuwa anaruhusiwa kukanyaga uwanja ule kabla ya jibu, kwa hiyo tulipoliona lile koti lake la kazini likishuka njiani, shangazi alisimama wima na tita la karanga mkononi. Kaka alijikongoja kumpokea kwa mikono miwili, anamwomba radhi kwa ajili yangu hata kabla hajakaa. Karani alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda kile kile. Hakumtazama kaka, alinitazama mimi, akaanza kwa Kiingereza, haraka haraka, ili wengine wasisikie. Alisema hawezi kulala. Alisema lazima kwa hakika ninajua hali yake, naweza angalau kumwambia moja. Must, surely, could, at least, hardly, vyote vilikuwepo, sista angefurahi.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili.

"Kaka yangu hajui Kiingereza," nikasema. "Mwambie maneno uliyomwambia daktari siku ile. Yote, ya kwako na ya kuhusu mimi. Ukimaliza nitakupa jibu la jembe, leo hii, kabla hujapanda baiskeli."

Alimtazama mama, akamtazama shangazi. Hawakumsaidia, maana mama hakuelewa Kiingereza cha siku ile, na shangazi hakuwepo. Akaanza kusema mambo ya Wazungu ni magumu, pengine sikumwelewa, huenda siku ile kulikuwa na kelele. Mimi nikachukua karanga nikaendelea kuchambua. Akazipanga upya kalamu zake mbili mfukoni. Jogoo wa kumpelekea yeye alikuwa amefungwa pale pale upenuni, tayari kwa safari ya kesho.

Mwisho akasema. Alisema taratibu, akitazama viatu vyake, na alisema yote, siwezi kumnyima hilo. Kwamba aliomba treni ijayo badala ya ya leo. Kwamba dada alisema lazima leo, kwa Kiingereza kizuri. Kwamba daktari alisimama kusikiliza. Kwamba yeye ndiye aliyesema binti hajui lugha, anashukuru tu. Akaeleza na sababu. Karani aliyekuwa kabla yake alimwambia daktari yule yule "must" kuhusu mtu mwingine, na asubuhi yake akapakiwa kwenye treni na godoro lake na watoto wake, kazi imekwisha. Alisema kwao kuna watu wengi wanaomtegemea, na aliogopa. Alisema aliposikia mimi nimeitamka ile must, aliona kabisa atadhaniwa ndiye aliyenifundisha.

Nilimwelewa. Sikumhurumia hata chembe. Sikumhurumia wakati ule na simhurumii leo, maana kuogopa ni kwake, lakini mguu haukuwa wake.

Kaka alikuwa ameegemea mkongojo, hajakaa. Nilitazamia atapiga kelele. Alikuwa mtu wa hasira, nilishakuambia. Lakini aliongea kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Ungemwacha aseme," kaka akamuuliza, "daktari angenipakia treni ile?"

"Pengine..."

"Sikukuuliza pengine."

Nilimwona karani anatafuta, katika Kiingereza chake chote na Kiswahili chake chote, neno la kuweka mbele au nyuma, na hakuna hata moja lililomjia.

"Angekupakia," akasema.

Mama alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kaka alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu. "Na kuku zangu ulikuwa unakula tu," akasema.

Nilisimama. Nilikuwa nimeahidi jibu, na mimi ahadi natimiza. Jembe la kukataliwa hugeuzwa kwa mkono, kwa adabu, mwenyewe akiwa hayupo. Niliingiza kidole gumba cha mguu chini ya ile kutu, mbele yake, nikaligeuza makali yakatazama njia kuu. Nikamwambia gunia hatuna. Alinitazama kama ananisikia kwa mara ya kwanza, akainama, akaliokota, kutu ikampaka kwenye koti. Hakukuwa na mahali pa kulificha. Ilikuwa saa ambayo zamu ya mchana inatoka mgodini, na njia ilikuwa imejaa watu.

Kwetu mgeni akiaga haondoki peke yake. Hata awe mdai, hata awe mtu mliyegombana naye, mwenye nyumba anamsindikiza mpaka njia panda, na kaka tangu akatwe mguu alikuwa akiwasindikiza watu wote kwa mkongojo wake, polepole, jasho likimtoka, hakubali kuambiwa abaki. Karani alijua hivyo. Aliaga, akashika baiskeli kwa mkono mmoja na jembe kwa mkono mwingine, akasimama kusubiri. Mama, kwa mazoea tu, alianza kuinuka. Kaka akamshika upindo wa kanga, akamkalisha. Kisha akajishusha kwenye mkeka karibu yangu, akavuta rundo la karanga kwake, akaanza kuchambua na mimi. Karani alisimama pale kitambo kirefu, akaenda zake.